Hujapita Jeshini

Kabla hajaenda mgambo, mume wangu alikuwa mtu ambaye akitaka kupita mlangoni na kuna kuku amelala pale, anasubiri kuku aamke. Sisemi hivi kumcheka. Nilimpenda hivyo hivyo. Mimi nilikulia Igurwa, katika nyumba ya kaka wengi na baba mwenye sauti ya dume la ng'ombe, kwa hiyo nilipoolewa Kaisho na kukuta mwanaume anayeomba chumvi kwa kunong'ona, niliona Mungu amenikumbuka.

Aliyeona aibu ni mama mkwe. Alikuwa mjane aliyelea watoto wake kwa kahawa na ndizi za kibanja kile kile tulichoishi, migomba ikianzia nyuma ya jiko na kushuka mpaka barabarani, ng'ambo ya shule ya msingi. Akiita mtu, bonde zima linageuka. "Huyu nilimzaa nikiwa na usingizi," alikuwa akisema mbele ya mwanawe, naye mwanawe anatabasamu. Kwenye mkutano wa kijiji mume wangu alikuwa akinyoosha mkono na kuushusha kabla hajaonwa. Jirani wa upande wa juu alipong'oa mimea ya mpakani na kuipanda upya ndani ya mibuni yetu, mume wangu alitazama, akafikiri, kisha akasema labda ni mvua.

"Mvua inapanda mimea kwa mstari?" mama yake akamuuliza.

Basi ilipotangazwa kwamba mafunzo ya mgambo, lile jeshi la akiba, yatafanyika uwanja wa shule, mama mkwe hakulala mpaka mwanawe amejiandikisha. Kila mtu aliunga mkono. Mwenyekiti wa kitongoji alisema jeshi humkomaza mtu. Mwinjilisti alisema jeshi humpa mtu kujiamini. Fundi baiskeli, ambaye mke wake ndiye aliyekuwa akimdaia wateja, alisema mwanaume asiyepita jeshini ni chai bila majani. Watu ambao hawajawahi kutambaa hata chini ya kitanda kutafuta kiatu walikuwa na hakika kubwa mno juu ya faida za kutambaa.

Akaenda. Alikuwa akirudi jioni amejaa matope, anakula bila kusema, analala kama gogo. Mwanzoni nilimhurumia. Kisha nikaanza kusikia visigino. Mtu aliyekuwa akiingia nyumbani kama paka sasa alikuwa akipiga kisigino chini kila hatua, sufuria zinatetemeka rafuni. Mafunzo yalipoisha na akapewa cheti na sare ya kijani, nikajua kwamba yule niliyeolewa naye ameondoka, na huyu aliyekuja simfahamu.

Alinunua filimbi. Alfajiri, kabla jogoo hajamaliza usemi wake, filimbi inalia, watoto wanapangwa mstari uani kwa urefu, wanahesabu namba, ndipo wapewe uji. Alikagua jiko langu. Alikuwa akiingia mikono nyuma, anapitisha kidole kwenye beseni, anauliza, "Nani ameacha kisu hapa?" Kisu alikuwa amekiacha mwenyewe. Binti yetu mkubwa alifundishwa kujibu "Ndiyo, baba!" kwa kelele hata anapoulizwa kama kichwa kinamuuma. Siku moja nilimsikia akimwamuru ng'ombe, "Nyuma geuka!" Ng'ombe peke yake ndiye aliyekuwa na akili ya kutomsikiliza.

Mama mkwe alifurahi kupita kiasi. "Umeona?" akaniambia. "Sasa nina mwana."

"Na ule mpaka je, mama? Ameshaenda kwa jirani?"

Akaanza kupanga kuni. Mwanawe hakuwa amekwenda. Nilipomuuliza mwenyewe, alitazama mbali juu ya kichwa changu na kusema kamanda hakurupuki, kila jambo lina wakati wake. Nikaelewa. Ujasiri wote ule, na filimbi yake, ulikuwa unaishia mlangoni kwetu. Nje ya pale, jirani akipita, mume wangu alikuwa bado anasubiri kuku aamke.

Cheti kilimpatia kazi Murongo. Kule kwenye mpaka wa Uganda mfanyabiashara mmoja alikuwa na ghala la mahindi na maharage, na alitaka walinzi waliopita mgambo. Mume wangu akawa anaondoka Jumapili jioni na kurudi Jumamosi. Sitakataa, siku za katikati tulikula uji wetu bila kuhesabiana namba.

Siku moja nilipeleka mikungu Murongo, na nilipomaliza kuuza nikampitia na chakula. Nilimkuta langoni, buti zinang'aa, kirungu kwapani, kifua mbele.

"Taja shida yako, mama," akaniambia.

Nilidhani ananitania. Kisha nikamwona tajiri wake amesimama nyuma yake, mwanaume mnene wa makamo, simu sikioni. Ukutani, chini ya paa la ghala, walikuwa wamekaa wanawake wanaochambua maharage, wengi wao watu waliotokea Burundi wanaofanya vibarua huku kwetu. Mmoja alikuwa bibi mzee sana. Alikuwa na ungo wake mapajani, anachagua punje taratibu, akizisogeza karibu na macho.

Tajiri akashusha simu. "Mlinzi! Huyo bibi si nilisema asionekane tena? Anachambua kidogo, anajaza nafasi. Toa takataka zake hapo."

Mume wangu akakakamaa. Akapiga saluti. Kwa muuza maharage! Akaongezea na kisigino. "Ndiyo, mkuu!"

Akaenda mpaka kwa bibi, akachukua ule ungo kutoka mapajani mwake na kuumwaga barabarani. Maharage yakaviringika mpaka kwenye tairi za pikipiki za bodaboda. Vijana wa bodaboda walinyamaza wote, na si kawaida yao.

Bibi akainuka kwa kushika ukuta. "Mwanangu," akasema, "ungeniambia tu nitoke, ningetoka."

Mume wangu hakumtazama. Alikuwa ametazama mbele, juu ya vichwa vyetu, kama alivyofundishwa. Mimi niliweka chakula chake chini, nikapiga magoti barabarani na kuanza kuokota. Bibi naye akainama. Tuliokota mpaka ungo ukawa na kitu ndani, nikamsindikiza mpaka njia ya kwao. Niliporudi kutafuta usafiri, mume wangu alikuwa bado amesimama pale pale, na kile chakula kilikuwa kinaliwa na mbwa.

Jumamosi alipokuja nyumbani nilimngoja anawe miguu.

"Yule bibi angekuwa mama yako?"

"Amri ni amri," akajibu. Kisha akanitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonichoma kuliko jibu. "Wewe hujapita jeshini, mke wangu. Huwezi kuelewa."

Mwaka uliofuata ilipotangazwa awamu nyingine ya mgambo, na ikasemwa wanawake nao wanakaribishwa, nilikwenda nikaandika jina langu.

Mume wangu alicheka mpaka akashika ukuta. "Kesho kutwa utarudi." Mama mkwe hakucheka. "Mwanamke wa nyumba hii atambae matopeni mbele ya wanaume? Na kibanja je?" Nikamkumbusha kwamba ni yeye aliyesema jeshi hukomaza. "Nilisema wanaume," akajibu. Lakini asubuhi alinichemshia uji mwenyewe, na watoto akabaki nao.

Nilikwenda kutafuta hicho kitu ambacho nisingeweza kukielewa. Nilikitafuta kwa uaminifu. Tulikimbia mchakamchaka kabla ya jua, tukiimba kwamba sisi ni simba, wakati nusu yetu tulikuwa tukisikia uchungu wa mbavu. Tulijifunza kwata, yaani kutembea, jambo nililokuwa nimejifunza nikiwa na umri wa mwaka mmoja. Tulitambaa. Tulichimba msingi wa jengo ambalo halijajengwa mpaka leo. Zaidi ya yote tulisubiri. Tulisimama juani kumsubiri mtu, na alipofika tulisimama kumsubiri mwingine. Kama kusubiri kunajenga kujiamini, basi wagonjwa wote wa zahanati yetu wangekuwa majenerali.

Mkufunzi alikuwa kijana aliyenizidi urefu, na sikuona kingine alichonizidi. Neno lake lilikuwa "ukakamavu". Uji ukichelewa, ukakamavu. Mtu akianguka, amekosa ukakamavu. Siku ya kwanza alipita mbele yetu akipiga kelele, "Hapa mimi ndiye baba yako! Mimi ndiye mama yako!" Akasimama mbele yangu. "Mimi ni nani wako, kuruta?"

"Mama yangu, afande!" nikajibu, maana ndivyo alivyotaka. Wenzangu wakacheka, na kwa kicheko chao nikapigishwa pushapu mpaka nikala vumbi.

Kitu kimoja nilikipata, nakubali. Alitufundisha kutoa sauti kutoka tumboni, siyo kooni. Alikuwa akitusimamisha mwisho wa uwanja, tunajibizana na mtu aliyesimama golini upande wa pili, na asiyesikika anarudia. Wanawake wengi tuliokuwa pale tulikuwa hatujawahi kupaza sauti mbele ya watu isipokuwa msibani. Mara ya kwanza nilipoisikia yangu ikirudi kutoka ukuta wa shule, nilidhani ni ya mtu mwingine.

Siku moja chakula cha kambi kilichelewa. Jua lilikuwa limeshavuka utosi na tumbo la kila mtu linasema. Mkufunzi akatazama ng'ambo ya barabara.

"Jeshi haliwezi kufa njaa katikati ya migomba," akasema. "Wanaume watatu na panga. Leteni mikungu."

Alikuwa ananyooshea kidole kibanja cha mama mkwe.

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka, na sauti ikatoka kule kule alikoniambia itoke. "Afande! Ruhusa kusema, afande!"

"Sema, kuruta!"

"Migomba ile ina mwenyewe, afande!"

Akaja akasimama karibu nami mpaka nikaona jasho la juu ya mdomo wake. "Unajua unaongea na nani?"

"Na mama yangu, afande!"

Akaniamuru nibebe gogo nizunguke uwanja nikiruka kichura kila kona. Na wale vijana watatu, wenye misuli, waliokuwa wakiimba kwamba wao ni simba, waliinua mapanga wakavuka barabara. Hakuna aliyesema neno. Wale waliobaki mstarini hawakusema neno. Wote hao walikuwa wameshajengewa kujiamini kwa majuma mengi. Nilizunguka na gogo langu nikiwatazama, na nilimwona mume wangu katika kila mmoja wao.

Nilipofika kona ya tatu nikasikia kelele. Wale simba walikuwa wanarudi mbio, mmoja hana kiatu. Nyuma yao alikuja mama mkwe, kanga imefungwa kiunoni, mkononi ana mundu wa kupogolea migomba. Hakuwa anakimbia. Alikuwa anatembea tu, lakini wao walikimbia.

Akavuka barabara akaingia uwanjani, akapita katikati ya mistari mpaka kwa mkufunzi.

"Mama, hapa ni eneo la mafunzo," akasema mkufunzi, "raia hawaruhusiwi—"

"Shikamoo yangu sijaisikia."

Mkufunzi akatutazama, akamtazama, akautazama mundu. Mikono yake ikaacha kukaa kiunoni. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Nyumbani kwenu hawajambo?"

"Hawajambo, mama."

"Ni wewe uliyewatuma hawa kwangu?"

"Lilikuwa... lilikuwa zoezi, mama."

"Zoezi la wizi." Hakupaza sauti. "Mkungu mmoja wameshaukata, na haujakomaa. Mtaubeba wenyewe na kuumenya wenyewe. Maharage nitawapa mimi, kwa sababu nimeona mna njaa, na ungekuja kubisha hodi ningekupa tangu mwanzo. Kesho asubuhi nataka hao watatu wanipalilie upande wa juu." Kisha akaniona mimi na gogo langu. "Na huyu aweke gogo chini. Ana watoto."

Nikaweka chini. Jioni ile tulikula katogo ya ndizi changa na maharage ya mama mkwe, na mkufunzi alikula kwa bidii kuliko wote. Mwanamke yule alikuwa hajawahi kupiga kwata hata hatua moja maishani mwake.

Siku ya kufunga mafunzo tulisimama juani mpaka kuruta mmoja akazimia, ndipo mgeni rasmi akafika. Alikaa kivulini, akanywa soda, akasimama kutuambia kwamba mafunzo yale yametujengea hali ya kujiamini na kwamba anaiona nyusoni mwetu. Alichokuwa anakiona nyusoni mwetu ni kiu. Akasema tukawe watiifu na tufuate maagizo. Nikajiuliza ni lini atagundua kwamba amesema mambo mawili yasiyokaa kitanda kimoja. Hakugundua. Tukapiga saluti, akapiga picha, gari likaondoka na vumbi lake.

Mume wangu hakuja siku hiyo. Habari za mama yake na mundu zilikuwa zimemtangulia Murongo, bodaboda walikuwa wanamchekea langoni kila asubuhi: "Afande, mama anakuja!" Alipokuja Jumamosi alivua buti, akakaa nami jikoni nikimenya ndizi. Alichukua kisu kingine akaanza kumenya. Hakuwa amefanya hivyo tangu apate cheti.

"Ulimwambia nini hasa yule afande?" akauliza.

Nikamwambia.

"Hukuogopa?"

"Niliogopa."

Akamenya ndizi nyingine. "Mimi nilidhani wenzangu wote hawaogopi," akasema, "ni mimi tu."

Ningependa kuandika kwamba Jumapili ile alikwenda akamwambia tajiri wake maneno ya kiume na kutupa kirungu chini. Hapana. Alirudi langoni akaendelea kupiga saluti kama kawaida. Kilichomtoa ni malaria. Alilala nyumbani akitetemeka karibu majuma mawili, na yule tajiri hakutuma hata mtu kuuliza kama mlinzi wake yu hai. Aliposimama na kwenda kazini, alikuta kijana wa awamu yangu amevaa koti lake la mvua langoni. Tajiri alitoka, simu sikioni, akamwambia bila kusimama, "Nafasi imepata mtu."

Alinisimulia hayo tukiwa tunaanika kahawa uani. Kisha akasema, "Unajua nilifanya nini? Nilimpigia saluti. Mkono ulijinyanyua wenyewe."

Nilikuwa na maneno makali ya kumwambia, nimeyatunza muda mrefu. Niliyameza. Nikaendelea kutandaza kahawa.

Mwaka ule alikaa shambani. Filimbi aliichukua mtoto wetu mdogo, akaipoteza. Visigino vilitulia. Asubuhi moja nilimkuta amesimama mlangoni anasubiri kuku aamke, nikarudi ndani nisimsumbue. Sare yake ilibaki kwenye msumari, lakini yangu niliitumia. Kitambaa chake ni kizito na utomvu wa migomba hauonekani juu yake, kwa hiyo nilipalilia nayo misimu yote mpaka ikatoboka magotini.

Habari ya mpaka niliimaliza mwenyewe. Nilimkuta jirani akichoma majani nikamsalimia, nikamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mimea yake imeingia kwenye mibuni yetu na tungependa aitoe. Akakuna kichwa. "Nilikuwa najiuliza ni lini mtaniambia," akasema. Akaitoa kabla ya msimu wa mvua. Miaka yote ile!

Sasa kwenye mikutano ya kijiji nikisimama watu husema, "Msikilizeni afande." Mwenyekiti wa kitongoji huwaeleza wageni kwamba mimi ni mfano wa faida za jeshi. Zamani nilikuwa nabisha. Nilikuwa nauliza, kama ni jeshi, mbona wale watatu wa mapanga hawasimami? Mmoja wao ndiye yule wa langoni Murongo, na bado yuko pale. Siku hizi namwacha aseme.

Mwaka huu binti yetu mkubwa alimaliza kidato cha sita, akaitwa kambi ya jeshi pamoja na wenzake kama sheria inavyotaka. Mama mkwe, ambaye siku hizi haoni vizuri, alimwombea akiwa ameshika kichwa chake kwa mikono miwili, akamwambia asiguse migomba ya watu. Mimi na baba yake tulimpeleka kituo cha basi na tranka lake. Nilijua baba yake atapata la kusema pale. Nilikuwa nimeshajiandaa kumkatisha.

"Baba," binti akauliza, "kule ni kugumu?"

Mume wangu alitazama chini, kwenye tranka. "Siyo kugumu," akasema kwa ile sauti yake ya kuomba chumvi. "Watakupigia kelele sana. Ukishazizoea, unaweza kudhani umekuwa jasiri." Akaikaza kamba ya tranka ingawa ilikuwa imekaza. "Wakikuambia umwage ungo wa mtu, uliza kwanza ni wa nani."

Binti hakuelewa habari ya ungo, alikuwa mdogo wakati ule. Akasema, "Ndiyo, baba," polepole, akapanda. Gari lilipoondoka tukarudi nyumbani kwa miguu. Mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa Uganda, na tulikuwa tumeacha maharage yameanikwa uani.